Mkia wa Foleni

Mwaka ule mimi na Buppha nusura tung'oane nywele kwa sababu ya mkia wa foleni. Si foleni ya mchele wala ya hospitali. Ni ile ya Aprili, vijana wa miaka ishirini na moja wanapoitwa ukumbi wa wilaya kuingiza mkono kwenye boksi. Ukitoa kadi nyeusi, unarudi nyumbani kula. Ukitoa nyekundu, unanyolewa kichwa na kwenda jeshini miaka miwili.

Mwanangu wa pekee ni Tao. Jina hilo kwa lugha yetu maana yake kobe, na nilimpa kwa haki, maana hata kuzaliwa alichelewa. Huyu mtoto kila kitu yuko nyuma, isipokuwa kuoa. Hapo alikimbia, akaniletea Ratri, mwalimu wa hesabu, ambaye mwezi ule tumbo lilikuwa linamtangulia mlangoni. Mtoto alitarajiwa mvua zikianza, na wenye kadi nyekundu za kundi la kwanza huondoka kabla hazijaanza. Basi mnajua nilichokuwa naomba. Nilimwekea nadhiri mzimu wa bibi anayekaa kwenye kijumba cha mizimu, kona ya mfereji: Tao akipata nyeusi, nitamchezea ngoma mbele za watu, na magoti yangu haya mabovu.

Sasa, vijana wa kijiji kimoja huku kwetu waliachiwa wajipange wenyewe, na kila mama alijua kwamba nafasi nzuri ni ya mwisho. Wenye haraka wanakomba nyekundu zote, wewe unabakiziwa nyeusi. Mimi nilijua hivyo. Buppha, jirani yangu, mama yake Nop, naye alijua hivyo.

"Nop wangu atakaa mwisho," akaniambia jikoni kwangu, mikono kiunoni. "Wako akae mbele, ana kifua kizuri cha kuonyesha watu."

"We Buppha, umeona wapi kobe akitangulia? Mkia ni wa Tao."

"Mkia umeununua?"

Ratri, aliyekuwa anakoroga uji wa wali, akacheka. Nikamgeukia. "Unacheka nini? Si mume wako huyo?"

"Samahani, Mama. Ila mnapigania kitu ambacho hakipo."

Nikataka kumjibu vibaya. Nilikuwa na mazoea hayo, sitaki kujipamba. Lakini alikuwa ameshaingiza mkono kwenye kapu langu la biashara. Mimi nauza mayai ya bata sokoni, ya kuchemsha ya kawaida na ya chumvi, na ukishayaosha huwezi kuyatofautisha kwa macho. Akachukua matatu ya kawaida na moja la chumvi, akayatia kwenye bakuli, akamfumbisha macho Tao, aliyekuwa amekaa mlangoni, ayachanganye, akafunika kitambaa.

"Kila mtu achukue moja. Asipasue mpaka niseme."

Tao akachukua kwanza, nikafuata mimi, kisha Ratri. Buppha, kwa maringo, akachukua la mwisho.

"Haya. Mama, nani ameshika la chumvi?"

"Nitajuaje? Nina macho ya kupenya ganda?"

"Nafasi ya kuwa ni wewe ni ngapi?"

"Moja katika nne. Mayai si manne, na la chumvi si moja?"

"Na Tao, aliyechukua kwanza?"

"Hiyo hiyo."

"Na Mama Nop, aliyechukua mwisho?"

Nililigeuza yai langu kiganjani. Buppha naye aligeuza lake, akalitazama kwa chuki.

"Yai halijui limechukuliwa la ngapi," Ratri akasema. "Haya, pasueni."

La chumvi lilikuwa la Buppha. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Mkia huo, shoga! Kula na uji!"

"Mama, usicheke," Ratri akanikatiza. "Mara moja haithibitishi kitu. Turudie."

Tukarudia mpaka Tao akaapa hataki kuona bata maisha yake yote. La chumvi lilimwangukia wa kwanza, likaniangukia mimi, nikasema sasa haliwezi kunirudia, likanirudia papo hapo.

"Bakuli halikumbuki, Mama," Ratri akasema.

"Hata boksi? Maana baba yake Tao alitoa nyekundu, na ami yake nyekundu. Safari hii ni zamu ya nyeusi."

"Boksi halimjui baba yake Tao."

Buppha alikuwa bado ananuna, ila akauliza swali la maana. "Mbona pale wanatangaza kadi moja moja? Wa mbele wakitoa nyeusi tupu, mimi wa nyuma si nimekwisha?"

Ratri akafurahi kama mwanafunzi wake amefaulu. "Hapo umeuliza, mama mdogo! Nafasi inabadilika kadiri unavyozidi kujua. Zikitangulia nyekundu, wa nyuma anapumua. Zikitangulia nyeusi, anabanwa. Lakini asubuhi, kabla haijatoka hata moja, yote mawili yanaweza kutokea. Ukiyajumlisha, wa mbele na wa nyuma mko sawasawa."

Kitu kikafunguka kichwani mwangu. Nilikuwa nimekosana na watu miaka mingi kwa ajili ya nafasi za foleni, na kumbe ilikuwa kelele bure. Buppha yeye alisimama, akakung'uta maganda kwenye kanga. "Hesabu za mayai ni za mayai," akasema, akaenda zake.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa moto kama tanuri. Vijana walikaa vifua wazi, namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino kifuani. Wagonjwa na waliojitolea walipoondolewa, wa kijiji chetu walibaki kumi na wawili, na afisa akatangaza kwamba kadi nyekundu ni nne. Moja katika tatu, nikajinong'oneza, nikajiona msomi.

Wakaanza kujipanga. Tao, kwa polepole yake, alijikuta mkiani bila hata kugombana. Buppha akaja mbio, macho yamemtoka.

"Sangwan, shoga yangu, nipe mkia. Nitakuosha miguu. Sitakuomba kingine mpaka nife."

Nikamtazama Ratri. Akatikisa kichwa kukubali. Kwa nini nimnyime mtu kitu kisichonigharimu, na akilini mwake kina uzito wa dhahabu? "Chukua," nikasema kwa sauti, ili ukumbi mzima usikie. Tao akasogea mbele hatua moja, Nop akaingia nyuma yake. Nilijisikia mwanamke mkubwa sana.

Wa kwanza: nyeusi. Mama yake akapiga kelele. Wa pili nyeusi, wa tatu nyeusi, wa nne, wa tano. Ukumbi ulikuwa harusi tupu, nami nahesabu kwa vidole, kwa sababu safari hii nilikuwa najua. Kadi saba zimebaki, nne kati yake ni nyekundu. Kila mama aliyeshangilia alikuwa ananibana shingo bila kukusudia. Kisha ikatoka nyekundu, ikafuata nyekundu. Nikapumua, nikaona haya kupumua. Nyeusi. Nyekundu. Nyeusi.

Wakabaki wawili, Tao na Nop. Kadi mbili: nyekundu moja, nyeusi moja. Nop hata asingechagua, angepokea kitakachobaki. Buppha akanishika mkono, tukabanana vidole kama mtu na dada yake, kila mmoja akiomba balaa limwangukie mtoto wa mwenzake.

Tao akakutanisha viganja, akainama, akaingiza mkono. Akachelewa humo ndani. Afisa akainua kadi juu.

"Nyekundu! Jeshi la nchi kavu, kundi la kwanza!"

Buppha aliruka, akaangukia mabenchi, akainuka anapiga vigelegele. "Si niliwaambia! Mkia! Mkia una bahati!" Na wanawake wakanigeukia, wengine kwa huruma, wengine kwa kejeli. "Sangwan, umegawa bahati ya mwanao kwa mikono yako! Nani alikudanganya?"

Ratri alisikia. Alikuwa amekaa chini, mikono tumboni, analia bila sauti. "Mama, nisamehe," akasema. "Bila mimi ungeng'ang'ania ile nafasi. Angekuwa anarudi nyumbani."

Hapo nilikuwa nimepata mtu wa kumlaumu, na Mungu anajua siku ile nilimhitaji. Maneno yalifika mdomoni, nikayameza. Nikaketi chini kando yake, kwenye sakafu ile ya vumbi, nikamshika kidevu.

"Tulipoitoa ile nafasi, ilikuwa nzuri kuliko aliyoipata Tao?"

"Hapana. Zilikuwa sawa."

"Basi. Tuliamua vizuri, tukapata vibaya. Usinifundishe kitu jikoni halafu unikane ukumbini."

Akanikumbatia, na tumbo lake likanipiga teke. Tukalia wote wawili. Kuwa sahihi hakukunipunguzia hata chozi moja.

Tao akaja, ameshika karatasi yake ya jeshi, anatutazama mmoja mmoja. "Mama," akauliza, "ingekuwa foleni ndiyo kwanza inaanza, ungempa tena Nop ile nafasi?"

"Ningempa," nikamjibu, nikamvuta akae chini, katikati yetu.