Wameomba, Hawajachukua

"Shuka, Baba Nulu! Utavunjika shingo."

"Pokea bati, acha kelele," mume wangu Nasur alijibu kutoka juu ya paa, huku aking'oa misumari. "Hukusikia? Wameomba nyumba."

"Wameomba. Hawajachukua."

"Kuna tofauti gani?"

Magodoro yalikuwa tayari uani, watoto wamekaa juu yake, na wingu zito lilikuwa linakuja Nakaloke kutoka upande wa Mbale. Bwana Masaba wa baraza la mji alisimama mlangoni, kaduwaa. Alikuwa amesema neno moja tu: "Tunaomba nyumba yenu, tujenge zahanati." Nasur akakimbilia nyundo.

Wakati wa utawala wa jeshi, askari walifika kwa baba yake kule Mafubira, Jinja, wakasema kwa Kiswahili hikihiki: "Mzee, afande anaomba nyumba." Usiku huo afande alilala kitandani kwa mzee. Jirani yao, aliyeombwa vilevile akataka muda wa kufikiri, hakuonekana tena. Tangu hapo, kwa watu wa mume wangu, ukiombwa nyumba unaokoa mabati.

Lakini huu ulikuwa mwaka wa themanini na saba, utawala ule ulikuwa umekwisha, na mvua ilikuwa inakuja.

"Bwana Masaba," nikasema, "hili ni ombi au ni amri?"

"Ni ombi, mama."

"Nikikataa?"

Akasita, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. "Utakuwa umekataa. Tutatafuta kwingine. Serikali ikitaka kuchukua kwa sheria, lazima ikutangazie, ipime, ikulipe."

"Afande, usimsikilize huyu!" Nasur akapaza sauti. "Tunahama sasa hivi!"

"Mimi si afande, mzee. Mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Hata yule wa Mafubira alisema yeye ni fundi baiskeli!"

Masaba akacheka. Mimi sikucheka. Zahanati niliitaka kuliko yeye. Nulu nilimzaa nyuma ya lori la pamba, njiani kwenda hospitali ya Mbale. Lakini nyumba ya watoto sikuwa na nyingine.

"Nyumba hampati," nikamwambia. "Shamba langu la mihogo, pale kando ya barabara, nitawauzia kwa bei tutakayokubaliana mbele ya mashahidi. Hamtaki, nendeni salama."

Juu ya paa nyundo ikanyamaza. Nasur alikuwa anangoja nipigwe.

"Pale patatosha," Masaba akasema polepole. "Tena gari la wagonjwa litafika."

"Baba Nulu, rudisha mabati. Watoto, ingizeni magodoro."

Nikachukua panga, nikatangulia shambani. Masaba alikunja suruali akanifuata, akisema tungeweza kungoja kesho. Nikalikata shina la kwanza la muhogo, nikachomeka kijiti palepale.

"Mpaka wenu unaanzia hapa," nikasema. "Sogea, nisikukate."