Wawili Nje ya Mlango

Kengele ya kura ilipolia nilikuwa ofisini nakula pai ya nyama, miguu juu ya meza. Haikunihusu. Seneta Glenys Trewartha wa upande wa pili alikuwa kwao Burnie, mji wa bandari wa mbali, mumewe anapasuliwa moyo, nami nilikuwa nimeahidi kutopiga kura mpaka arudi. Ndivyo tunavyofanya Seneti: mmoja akipata udhuru, mpinzani wake mmoja anakaa nje naye ili mizani ibaki palepale. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ni ahadi ya mdomo tu.

Siku hiyo upande wa Glenys ulitaka kufuta kifungu cha fidia kwa wakata mawe ya meza za jikoni. Shemeji yangu Neville aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Sasa mapafu yamejaa vumbi, ngazi za nyumba yake mwenyewe zinamshinda. Mimi na Glenys tukiwa nje, kura zingelingana, na kura zikilingana hoja imeanguka. Kifungu kingepona.

Mara nikamwona Glenys anapita mlangoni pangu mbio, anaburuta begi la safari.

Amerudi, na hakuna aliyeniambia. Akiingia peke yake, kifungu kimekwenda. Nikaitupa pai, nikamfuata. Nilianza kunyoa kondoo nikiwa na miaka kumi na minne. Magoti yangu hayana mbio tena.

Nilipokata kona, kiranja wa chama chao, msimamizi wa kura zao, Haberecht, alikuwa amemshika mkono penye mlango wa ukumbi.

"Ingia, mama! Wanafunga!"

"Des anajua nimerudi?"

"Des yuko ofisini anajaza tumbo. Hiyo si shida yako."

"Niachie mkono."

"Ukibaki nje, ile kamati unayoiongoza usahau."

"Ichukue. Mpe mkeo."

Haberecht akaniona naja nahema, akaingia peke yake. Kengele ikanyamaza. Mlango ukafungwa kwa ufunguo kabla sijaufikia.

"Mbio gani hizo, mzee?" Glenys akaniuliza. "Hata kondoo wangekucheka."

"Ungeniambia unarudi."

"Simu ilizimika kwenye ndege. Nilidhani wameshakuambia, ndiyo maana nikakimbia. Nimefika hapa nikachungulia ndani, kiti chako kitupu."

"Mumeo?"

"Mzima. Anawatukana manesi."

"Asante, Glenys."

"Usinishukuru. Kifungu chenu kibovu, kitafilisi karakana zote ndogo kwetu. Ungekuwa ndani, ningeingia nikipige chini mbele ya macho yako."

Kura zikalingana, hoja ikaanguka. Nikampigia Neville. Alikohoa muda mrefu kuliko alivyozungumza, lakini alichosema nilikisikia.

Glenys alinyang'anywa kamati wiki ileile. Alhamisi akaleta hoja yake ya bandari ya Burnie. Nikaipinga. Alipopita karibu na kiti changu akaniambia angeshangaa kama nisingeipinga.