Jiko Lisilotoa Moshi

Kule Mpepai mtu akikununia, amekununia kweli. Gaudiosa na wifi yake Restituta, wajane wote wawili, waligombania mpaka wa mibuni, basi salamu zikaisha. Hata kanisani, wakati wa kutakiana amani, kila mmoja aligeukia upande wake.

Lakini mgonjwa hasusiwi. Kila kipandauso kilipomwangusha Gaudiosa akashindwa kuwasha moto, Restituta alitazama ng'ambo ya bonde, akaona jiko halitoi moshi, akaja na uji. Alimfunga kanga kichwani, akaziba dirisha, akakaa naye gizani. Walinong'onezana habari za marehemu waume zao, wakacheka taratibu. Kichwa kikipoa tu, wanarudi kununiana.

Ndipo Xavery, mtoto wa Gaudiosa, mfamasia Dar es Salaam, alipomwagizia sindano mpya, ya kuchomwa kila mwezi mjini Mbinga.

"Mama, neva za kichwani zikichokozeka hutoa kemikali, kama mjumbe. Mjumbe huyo ndiye anayetanua mishipa ya damu na kuamsha maumivu. Dawa hii inamkamata njiani, kabla hajafika."

"Akamatwe tu," alisema Gaudiosa. "Amenitesa vya kutosha."

Akakamatwa kweli. Mwezi wa kwanza kichwa kiliuma kidogo, wa pili hakikuuma kabisa. Gaudiosa alichuma kahawa juani, akapika, akala peke yake. Ugali wa mtu mmoja hauna ladha, asikudanganye mtu. Xavery alipopiga simu, alimwambia ni mzima, asimtajie upweke. Aende mwenyewe kwa Restituta? Aanzie wapi, na matusi yale aliyomtupia mbele za watu?

Asubuhi moja hakuwasha moto. Alijifunga kanga kichwani, akaziba dirisha, akajilaza, mzima wa afya, aibu imemjaa.

Jua lilikuwa limeshapanda aliposikia hodi.

Restituta aliweka uji chini, akaketi kitandani. Kama kawaida yake, aligusa pembeni mwa paji la uso, pale mshipa unapodunda siku za maumivu. Leo ulikuwa umetulia. Kidole kikabaki palepale. Gaudiosa akafumba macho, akingoja kuumbuka.

"Kinauma sana?" aliuliza Restituta.

"Sana, wifi."

Restituta akaikaza ile kanga.

"Basi lala," alinong'ona. "Sina haraka. Kwangu nako hakuna anayeningoja."