Kisiwa cha Karanja Kule Ikutha

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi, na singependa mtu mwingine apewe sifa hiyo. Karanja alisaidia, lakini kazi kubwa niliifanya mwenyewe.

Mwaka wa themanini na sita nilirudi nyumbani Ikutha kutoka pwani, ambako nilikuwa nimefagia vyumba miaka miwili katika hoteli moja ya kisiwani. Mtu aliyefagia kisiwa hurudi na maneno mengi kuliko mwenye kisiwa. Nikawaeleza watu wa soko jinsi Wazungu wanavyopanda ndege siku nzima ili waje walale juani, watembee miguu mitupu mchangani, wapande majabali na kutazama ndege.

"Na wanalipa?" akauliza Syokau, muuza ndizi.

"Wanalipa."

"Kulala juani?"

"Ndiyo."

Syokau akamwangalia mbuzi wake aliyelala juani bure, akamhurumia.

Aliyeniamini ni Karanja, mwenye duka na lori kule Salama. Alikuja Ikutha mwezi wa Aprili kununua mbuzi, mvua ikiwa imenyesha wiki mbili, nami nikampeleka kuona mto Tiva. Tiva ilikuwa imejaa ukingo hadi ukingo, maji mekundu yananguruma, na katikati lile jabali letu lenye miti saba ya mikoma limezungukwa pande zote. Ndege weupe walikuwa wametua juu yake kama watu walioandikwa kazi.

"Mutunga," Karanja akasema polepole, "hiki si kisiwa?"

"Ni kisiwa kabisa, bwana. Hata kile cha pwani hakina majabali kama haya."

Papo hapo nikawa meneja. Karanja akaahidi kuninunulia tai, na ubao akauandika mwenyewe kwa rangi ya buluu: KISIWA CHA KARANJA. USIOGELEE MBALI. Kazi ya mtumbwi tulimpa Ndululu, mchonga mizinga ya nyuki, maana ndiye peke yake aliyejua kutoboa gogo. Ndululu alikuwa hajawahi kuona mtumbwi maishani. Alichonga mzinga mkubwa, akaufungua mgongo, kisha akaupaka nta ndani kama babake alivyomfundisha.

"Nta inazuia maji," akaniambia.

Meneja nikatingisha kichwa kama mtu anayejua.

Wageni wa kwanza walikuwa akina mama na wazee wa kanisa moja la Tawa, watu thelathini na wawili. Karanja akawapangia mwezi wa Agosti. Sasa, mtoto yeyote wa Ikutha angemwambia Tiva huwa nini mwezi wa Agosti, na mimi ni mtoto wa Ikutha. Lakini miaka miwili nilikuwa nimezoea bahari, na bahari haiendi likizo.

Tulishuka kwenye lori saa nne asubuhi. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mpana kama uwanja wa ndege. Kisiwa kilikuwa pale pale, na mikoma yake yote saba, na punda wawili walikuwa wanakizunguka kwa miguu.

Watu wakautazama mchanga, wakanitazama mimi. Kisha Mama Muthoki, mwenyekiti wa akina mama, akaniuliza kwa upole, "Mutunga mwanangu, maji ya kisiwa yameenda wapi?"

"Yako chini, mama," nikasema, na huo haukuwa uongo. "Hapa tunaanza na matembezi ya ufukweni."

Wakatembea. Walivua viatu kwa amri yangu, wakavivaa tena bila amri ya mtu. Tukapanda jabali. Tukatazama ndege, yaani kunguru mmoja, ambaye alitutazama sisi kwa makini zaidi. Mzee Nzomo, shemasi, akaomba basi angalau aketi ndani ya mtumbwi apigwe picha. Hatukujua kwamba nyuki walikuwa wameisikia ile nta tangu Juni na kuhamia humo na familia zao. Mzee Nzomo akatuonyesha mbio ambazo hazikuwa kwenye ratiba, na kanisa zima likamfuata.

Walipokusanyika tena ng'ambo, wamelowa jasho na wengine wamevimba, soda za Karanja zilikuwa zimeisha. Ndipo nikafanya ujinga wenyewe. Nikasema, "Sasa ni kuoga. Kuna chemchemi."

Haikuwa chemchemi. Kilikuwa kisima cha Kaluki, mjane wa boma la karibu, alichokichimba mchangani kwa jembe na karai, kina cha watu wawili, akakizungushia miiba. Kwetu mto ukikauka kila nyumba huchimba shimo lake. Mpita njia mwenye kiu hanyimwi, lakini sabuni haikaribii, na aliyechimba ndiye anayepanga zamu. Shimo la Kaluki lilitoa maji taratibu, karai moja kwa muda wa wimbo mmoja wa ibada na beti zake zote. Mbuzi wake ishirini na watatu walikunywa siku moja na kuruka moja, na leo ilikuwa siku yao. Wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa ukame. Maji yale yakimalizwa, wengine wangewafuata kabla shimo halijajaa tena.

Nilijua hayo yote. Na miiba niliiondoa kwa mkono wangu.

Kaluki alifika na mbuzi wake wakati Mama Muthoki akifungua sabuni. Hakupiga kelele. Alishuka shimoni, akachota kwa kibuyu, akawanywesha wageni wote mmoja mmoja, akianza na Mzee Nzomo ambaye jicho moja lilikuwa limefungwa. Kisha akasimama mdomoni mwa shimo na fimbo yake.

"Mmekunywa. Sasa ni mbuzi."

"Mwaitu, mama yetu," nikasema kwa sauti ya meneja, "hawa ni wageni. Waoge kidogo tu, uso na miguu."

"Mwana wa Mbuvi, ulienda pwani ukiwa na akili. Uliisahau chumba gani?"

Akina mama wa Tawa wakacheka hadi sabuni ikaanguka mchangani. Karanja hakucheka.

"Mama, mimi nimeleta hawa watu na lori mpaka hapa. Wakirudi hivi, biashara yangu imekufa."

"Biashara yako ikikufa utaizika Salama. Mbuzi zangu zikikufa nazizika hapa, na mimi ndio nachimba."

"Basi tuongee sheria!" Karanja akapanda juu ya mchanga uliotolewa shimoni ili aonekane vizuri. "Hakuna mtu anamiliki mto. Mto ni wa serikali. Maji ya mto ni ya kila mwananchi! Ama ni uongo, wazee?"

Wazee wakaguna kwamba si uongo. Hata mimi niliguna.

Kaluki akaangalia Tiva upande wa juu, akaiangalia upande wa chini, mchanga mpaka macho yalipoishia. Akaokota karai lake, akamwekea Karanja mikononi.

"Ni kweli, mto ni wa serikali," akasema. "Na mimi sijaufunga. Uko pale, mpana vile unaona. Enda uchote."