Kakao ya Msituni

Kakao ikikauka vizuri hulia. Ukiibana kiganjani inasema kwacha. Asubuhi hiyo Mama Pacha aliibana, akaisikia, akacheka peke yake kama msichana aliyetongozwa.

Mavuno yote ya msimu yalikuwa pale kichanjani. Ndani, pacha wake wawili walikuwa wanapiga pasi sare ambazo hazijavaliwa tangu shule ifunguliwe. Mwalimu mkuu alisema warudi na ada, maelezo wayaache nyumbani.

Wakajaza magunia, wakasukuma mkokoteni mpaka kituo cha kununulia. Mkaguzi wa kampuni alikuwepo, kijana ambaye watu walimwita Tableti kwa sababu hata akila haiweki chini tableti yake ya kazi. Akagusa skrini, akakunja uso.

"Shikamoo, mama. Magunia yako siwezi kuyapima."

"Marahaba. Mizani inaumwa?"

"Mizani nzima. Shamba lako ndilo lina tatizo. Setilaiti imelipiga picha kutoka juu, inaonyesha msitu. Siku hizi kampuni hainunui kakao iliyolimwa msituni."

"Msitu gani? Ile miti si mlinipa wenyewe? Ulikuja na miche kwenye pikipiki, ukasema kakao inataka kivuli, dunia inachemka. Nikapanda. Nikamwagilia kwa ndoo, huku mume wangu yuko kitandani hajiwezi. Ukanipa na fulana."

"Nakumbuka, mama."

"Basi iambie hiyo setilaiti."

"Haiambiwi."

"Nikate miti?"

"Usithubutu! Itaonekana umefyeka msitu. Hapo unafutwa kabisa."

"Nikiiacha nina kosa, nikiikata nina kosa. Labda niifunike na shuka."

Watu kwenye foleni wakacheka. Tableti hakucheka. Alisema aandike malalamiko, watakuja kupima upya msimu ujao, bajeti ikipatikana. Mama Pacha akatazama mawingu. Kakao ikivuta unyevu inaota ukungu, na chumba chake kinavuja.

Hapo akajitokeza shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Miche yake yeye aliwalisha mbuzi, na miti mikubwa aliichoma mkaa. Shamba lake lina upara, na setilaiti inalipenda sana.

"Shemeji, kwani tuko mbali? Ipite kwa jina langu. Nachukua nusu tu, ya usumbufu."

"Usumbufu wa kusimama?"

"Hata kusimama kunachosha, shemeji, kwa umri huu."

Mama Pacha akamtazama Tableti. Tableti alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akayapandisha magunia yaleyale kwenye mizani ileile, akaandika jina la shemeji, akasema, "Safi."

Nusu iliyobaki ilitosha ada ya mtoto mmoja.

Pacha walipoambiwa hawakuuliza ni nani. Mmoja aliichukua tu sare yake, akaanza kuikunja taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, kama kitu cha kuazima. Mama Pacha akatoka nje, akaenda shambani. Hakutaka waone uso wake.

Hakukaa sana kabla ya kusikia gari. Wageni wa kampuni walikuwa wamekuja kumpiga picha mkulima anayeuza kakao safi, akiwa chini ya kivuli, na kwa shemeji hakuna kivuli hata cha kuku. Kwa hiyo Tableti akawaleta huku. Shemeji alikuwa amevaa kofia mpya ya kampuni. Akauegemea mti mkubwa kuliko yote, akaupapasa kama vile ameuzaa.

"Mama, samahani," mpiga picha akasema. "Sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

"Nani, mimi?"

"Ndiyo, mama. Pembeni kidogo tu. Tunamtaka mkulima."

Tableti akaja mbio, akamnong'oneza, "Mama yangu, nakuomba. Wakijua kakao ilitoka huku, hata wewe hutauza tena popote."

Mama Pacha alitazama njia ya kutokea shambani. Alitazama na ile kofia mpya. Kisha akaokota gunia tupu, akalikung'uta vumbi likawaendea wageni, akalitandika penye mizizi, miguuni pa shemeji. Akakaa. Akanyoosha miguu yote miwili mbele ya kamera.

"Piga tu, mwanangu," akasema. "Si mmesema huku ni msitu? Msituni hakukosi mnyama."