Mfuko wa Upepo Ulioshonwa Kamalondo

Wewe unayesikiliza, fumbua hiki: kina mdomo wazi, nyuma kimetoboka, kikiwa na njaa kinaning'inia, kikishiba kinanyooka. Usione haya ukishindwa. Hata Mama Virginie, aliyekishona kwa mikono yake, hakukijua sawasawa.

Ni mfuko wa upepo, ule wa juu ya mlingoti kwenye uwanja wa ndege ndogo. Rubani huutazama kabla ya kutua, ajue upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Wa zamani ulikuwa umechanika, na Séphora, mjukuu wa Virginie anayejifunza urubani, akamletea bibi yake kitambaa nyumbani, mtaa wa Kamalondo. Virginie akashona kama anavyoshona kila kitu, kwa kutia na kitambaa cha ndani, kizito, ili kidumu. Suruali ya Virginie huvaliwa na baba, kisha na mwana.

Mfuko ukatundikwa Ijumaa. Jumamosi Séphora akaruka peke yake. Ilikuwa Agosti, mwezi wa upepo, na wakati wa kutua upepo ukampiga ubavuni, ukainua bawa moja. Ndege ikatoka njiani, ikachomeka pua majanini. Mtoto akatoka na mfupa wa bega umevunjika. Clément, mwalimu wake, akauliza kama aliutazama mfuko. Aliutazama, akasema, ulikuwa umelala. Clément alikuwa ameona vumbi linavyopaa. Akamwambia kwamba rubani asiyeona upepo na atafute kazi ya ardhini.

Virginie akamchukua Séphora kwake. Akawa anammegea bukari, ugali wa kwao, anampulizia mboga, anamtania kwamba hata kuku wa jirani huruka wakatua wazima. Msichana akacheka mpaka bega likamuuma. Kisha akamwuliza bibi yake, macho kwenye sahani:

"Nkambo, macho yangu iko mubaya?"

Virginie akamwambia ale kwanza.

Jumatatu akaenda uwanjani kumchukulia begi lake. Upepo ulimfunga kitenge miguuni, vumbi likamjaa kinywani. Akainua kichwa. Kule juu mfuko umening'inia kama suruali iliyoloa, na mshono ule wa vitambaa viwili aliujua hata kwa mbali. Njia nzima ya kurudi alikumbatia begi. Akimwambia, je, mtoto atakula tena mkononi mwake?

Nyumbani akakuta daftari la urubani limetiwa kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi. Séphora alisema daftari hilo apewe mtu mwenye macho.

Virginie akalitoa, akalipangusa kwa kitenge chake, akamwekea mapajani. Akatia mkasi wake mkubwa kwenye mkoba, akamwambia avae viatu, wanakwenda kwa Clément.

Kufanya nini, Séphora akataka kujua, na mkasi ni wa nini?

Virginie akapiga magoti, akaanza kumfunga kamba za viatu mwenyewe, kwa kuwa mkono mmoja haufungi.

"Macho yako iko muzuri, mama," akasema. "Ni mimi nilitia kitambaa ya pili."