Nyaya Mbili Zilizonyooshwa

Mashine ya kukatia soli ilikuwa inasimama yenyewe, mara ishirini kwa zamu, na fundi hakujua kwa nini.

Juu ya kisu cha mashine hiyo palikuwa na kamera ndogo ya kutazama mikono ya mkataji. Picha zilishuka kwa nyaya mbili nyembamba hadi kwenye bodi, ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Bodi ikiona mkono chini ya kisu, kisu hakishuki. Ikikosa picha, mashine nzima inasimama. Ndivyo ilivyotengenezwa, na aliyeitengeneza hakuwa mjinga.

Mkataji alikuwa shemeji yake fundi, mdogo wa mkewe. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi, na alimwapia mkewe: "Atakuwa chini ya jicho langu."

Wiki mbili nyuma panya walikuwa wametafuna nyaya za zamani, fundi akatia mpya. Zilikuja zimesokotwa pamoja kama kamba. Fundi alikuwa mtu wa unadhifu, na nyaya zilizojiviringisha zilimuudhi kama sahani chafu. Akazisokotoa, akazinyoosha kwa vidole, akailaza kila moja kwenye mstari wake kando ya kebo nene ya mota, kisha akazifunga kwa vibana vya plastiki. Akaita watu waje kutazama.

"Shemeji, hizi umezipiga pasi?" mkataji alimtania.

"Fundi anajulikana kwa nyaya zake, bwana. Wewe kata soli."

Kwikwi za mashine zilianza kesho yake. Fundi alisafisha kamera. Akabadilisha bodi. Akabadilisha na kamera yenyewe. Nyaya hakuzigusa, zilikuwa zimependeza mno kuwa na kosa.

Alhamisi msimamizi alimjia na karatasi ya oda mkononi.

"Fundi, mashine yako inalala kuliko mlinzi. Huu mzigo unatoka Jumamosi."

"Inakosa picha, bosi. Ikikosa lazima isimame."

"Ikikosa moja, si itumie ya nyuma yake? Hilo haliwezekani?"

Liliwezekana. Ilikuwa ni kubonyeza mara nne tu kwenye mipangilio ya bodi.

"Linawezekana. Lakini hiyo picha ya nyuma..."

"Mpaka Jumatatu. Au nimtafute anayeweza?"

Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili na cheti cha darasa la saba. Alibonyeza.

Ijumaa asubuhi mkataji alikuwa na furaha. "Shemeji, leo haina kwikwi hata moja! Umeipa nini?"

Maneno yalimfika fundi kwenye ncha ya ulimi. Msimamizi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale.

"Dawa," akasema, akaenda zake kutazama mashine nyingine.

Saa tano kasorobo mota ilinguruma, picha ikakatika. Bodi ikashikilia ile ya mwisho: meza, ngozi, hakuna mkono. Wakati huohuo mkataji alipeleka mkono kukunjua ngozi iliyojikunja, huku mguu ukishuka kwenye kanyagio la kushushia kisu. Alifanya hivyo kila siku, maana mashine ilimzoesha kwamba itamsubiri atoe mkono.

Fundi alisikia ukelele akiwa upande wa pili wa ukumbi. Hakuuliza ni nani.

Jumanne alikuja mhandisi, mwanamke wa kampuni iliyouza mashine. Alifungua kifuniko, akatazama nyaya kwa muda.

"Nani alizinyoosha?"

"Mimi."

"Mzee wangu, hizi mbili zinabeba ujumbe mmoja. Moja inaubeba wima, nyingine inaubeba kichwa chini, na bodi inasoma tofauti iliyo kati yao. Zikisokotwa, kelele ya mota inazipiga zote sawasawa, tofauti inabaki ileile. Ukizitenganisha, iliyo karibu na mota inapigwa zaidi. Picha inaharibika."

"Kwa hiyo ni nyaya," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba.

Mhandisi alikuwa ameshafungua mipangilio. Alisoma, akafunga.

"Nyaya zilikuwa zinasimamisha mashine, mzee. Nyaya hazikumkata."

Kidole cha shahada kiliondoka chote. Cha kati, chote. Cha pete kilibaki hadi kiungo cha pili. Mkono wa kulia. Siku kumi na tisa wodini. Wiki sita mke wa fundi alikaa kwa mdogo wake, akimlisha na kumfunga vifungo vya shati, na aliporudi nyumbani alitandika kitanda chake chumba cha watoto. Mkataji hakumshtaki mtu wala kumtukana. Wakikutana humsalimu kwa mkono wa kushoto, na hamwiti tena shemeji, humwita fundi.